Hali ya Hewa ya Kimyani

Njia tuliyopita mimi na mke wangu Siwema hadi nchi ya Kimyani sitaieleza. Ilikuwa ndefu na ya matope, na aliyekwisha kuipita hana hamu ya kuikumbuka. Nitaeleza niliyoyaona baada ya kufika. Nimefundisha bayolojia miaka ishirini na minane na nimezoea kuandika nilichokiona kwanza, ninachokifikiri baadaye. Nikishindwa mahali, niwie radhi.

Kilichotupeleka ni maumivu. Yalimwanza Siwema upande wa kulia, chini ya mbavu, yakawa yanakuja na kuondoka, mwisho yakaja yakakaa. Alikonda hata pete ya ndoa akawa anaizungushia uzi isidondoke. Tuliambiwa apigwe picha ya ndani ya mwili, na tukaambiwa pia kwamba Kimyani mashine zipo tele na foleni hakuna. Jioni kabla ya safari, Siwema aliketi kitandani akikunja kanga zake, akasema, "Baba Hamida, mimi huko nataka jambo moja tu. Nijue. Ikiwa ni mbaya, nageuza siku hiyohiyo nikamwone dada Mwanakheri. Ikiwa ni nzuri, basi asubiri. Aanze yeye."

Mwanakheri ni dada yake wa tumbo moja. Walikuwa na miaka kumi na moja hawasemezani. Siku ya harusi ya binti yetu Hamida, Mwanakheri alisema mbele ya wanawake wote wa jikoni kwamba pilau ya Siwema imeshika chini. Ilishika kweli, mimi niliila. Lakini kuna mambo hayasemwi mbele za watu, na Siwema alipokasirika hakuwa mtu wa nusunusu.

Basi tukafika Kimyani. Nitasema haki: hospitali yao ilinitia wivu. Sakafu inang'aa, hakuna anayelala kwenye korido, na mashine yenyewe ni duara kubwa jeupe, mgonjwa analazwa kwenye kitanda chembamba kinachoingia na kutoka taratibu. Mpiga picha alikuwa dada mmoja mrefu aitwaye Zawena. Alimfunika Siwema miguu asione baridi, akaenda nyuma ya kioo. "Vuta pumzi, mama. Ishikilie. Haya, achia." Mambo yalikwisha kabla sijamaliza kusoma matangazo ya ukutani. Zawena aliporudi aliweka mkono begani kwa mke wangu, akauacha pale kwa muda, kisha akatazama mlangoni akauondoa haraka.

"Mwanangu," Siwema akamwuliza, "umeona nini?"

"Nadhani tutapata mvua nzuri, mama," Zawena akajibu.

Nilichungulia nje. Jua lilikuwa linachoma mabati. Nikajisemea, huyu naye kachoka na kazi.

Hakuwa amechoka. Tulipelekwa chumba cha pili kwa Bwana Ngwali, karani wa madirisha, mtu safi sana, kola imenyooka, na yeye ndiye aliyetueleza sheria. Kimyani kuna sheria kuu inayoitwa Sheria ya Kinywa. Mtu yeyote, awe daktari, ndugu au jirani, haruhusiwi kumwambia mwenzake kwa mdomo habari ya kilichomo ndani ya mwili wake. Habari hiyo hupatikana dirishani tu. Dirisha ni kioo cheusi kilichopachikwa ukutani katika kila nyumba. Picha na majibu hupelekwa huko, kioo hulia, na mwenye mwili husimama mbele yake akasoma.

"Na daktari kazi yake nini?" nikauliza.

"Daktari anathibitisha kwamba umesoma," Bwana Ngwali akasema. "Siku ya thelathini. Anakuuliza, 'Umesoma?' Unamjibu, 'Nimesoma.' Mnatia sahihi wote wawili, ndipo matibabu yanaweza kujadiliwa."

"Kwa nini siku ya thelathini? Kwa nini si kesho?"

Akanieleza kwa subira, kama anavyoelezwa mtu mgeni. Zamani kidogo Baraza lao liligawanyika. Upande mmoja ulitaka majibu yatumwe papo hapo, kwa kuwa mwili ni mali ya mwenyewe. Upande wa pili ulitaka yakae siku thelathini mpaka daktari ayapitie, watu wasiruke roho bure. Walijadiliana misimu mitatu, mpaka mjumbe mmoja akazimia. Mwisho wakapatana. Majibu yatumwe papo hapo yakiwa tayari, ila yaandikwe kwa maneno yasiyoeleweka hadi siku ya thelathini. Pande zote mbili zilipiga makofi.

Siwema macho yake yana mtoto wa jicho, haoni maandishi. Kwa watu wa namna hiyo kuna fomu ya mwangalizi. Akaniteua mimi. Nikaambiwa nichague neno la siri ambalo lilitakiwa liwe na herufi kubwa, tarakimu na alama, na liwe halijawahi kutamkwa na mtu yeyote nyumbani kwangu. Kisha Bwana Ngwali akanipa kiapo nisome: sitayasema kwa kinywa nitakayoyaona. Nikatia sahihi huku nacheka. Tulipotoka nikamnong'oneza mke wangu, "Hawa watu wana wazimu. Mimi nikishasoma nitakwambia palepale, waje wanifunge."

"Ndiyo maana nimekuja na wewe," akasema.

Tulipanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Mwasiti. Siku ya pili dirisha la nyumba ya mbele lililia, nami nikaona desturi yao kwa macho yangu. Watu wote wa nyumba ile, wazee kwa watoto, waliacha walichokuwa wakifanya wakatoka nje, wakasimama barabarani wakiutazama mlango. Mwanamume mmoja ndiye aliyebaki ndani. Alipotoka, uso umemparara, mama yake akamsogelea.

"Upepo ulivyo mzuri leo," mama akasema.

"Mzuri, mama. Na wingu lile, umeliona?"

"Nimeliona. Zuri mno. Sijawahi kuona wingu kama hilo." Mama mtu huku anasema hivyo machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na hakuna aliyeyafuta.

Nikamwuliza Bi Mwasiti maana yake. Akanijibu kwa kifupi, akikuna nazi. Kadiri habari inavyokuwa mbaya ndivyo hali ya hewa inavyosifiwa. Mtu mwenye afya hulalamika: joto limezidi, vumbi limezidi. Ukisikia mtu anasifia jua, jitayarishe. Na mvua ndiyo ya mwisho kabisa. Mvua husifiwa kwa mtu mnayependana tu, na huwa haisifiwi mara mbili. Kwa sababu hiyo, akasema, wakulima wa Kimyani hawajui msimu umefikia wapi. Hakuna wa kumwuliza. Wanapanda kwa kubahatisha, na miaka mingine wanalala njaa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Zawena na mvua yake nzuri. Hakuwa ndugu yake, lakini alimpa neno la mwisho kama ndugu. Sikumwambia Siwema maneno ya Bi Mwasiti. Nilijiambia ngoja kwanza nisome mwenyewe.

Asubuhi ya siku ya tatu nikaitwa mahakamani. Zawena alikuwa ameshtakiwa, na mimi ni shahidi. Kosa lake: kuweka mkono begani kwa mgonjwa baada ya kuona picha. Mwendesha mashtaka alisema mkono una vidole vitano na kila kidole kina uwezo wa kusema. Alileta mchoro wa bega ukutani. Wakili wa utetezi akajibu kwamba mkono ulikuwa unamzuia mgonjwa asiyumbe. Hakimu akataka kujua mkono ulikaa pale muda gani, maana mkono wa kuzuia hauzidi pumzi mbili, na mkono wa huruma huanzia pumzi tatu. Wakabishana kuhusu pumzi, ni za mgonjwa au za mtuhumiwa, karibu asubuhi nzima. Sikuwa na nguvu za kucheka.

Nilipopewa nafasi, nilichemka. "Mheshimiwa," nikasema, "kwetu mkono begani ni mkono begani! Mke wangu ni mgonjwa, yuko ugenini, huyu binti kamwonea huruma, nanyi mnamleta kizimbani! Nchi gani hii? Mnajua, mnaona, na wote mmefunga midomo. Huu si ustaarabu. Huu ni woga mtupu, mmeuvika tai!"

Ukumbi mzima ulitazama sakafu. Hakimu alinishukuru kwa ushahidi wangu, akaandika kwamba shahidi amethibitisha pumzi zaidi ya tatu. Zawena akahukumiwa kuvaa vifuko vya turubai mikononi mwaka mzima, kuvivua pale tu anapoendesha mashine. Yaani nilimponza mimi mwenyewe kwa ufasaha wangu. Pale nje nilimfuata kumwomba radhi. Alikuwa anajaribu kufunga kamba ya kifuko cha pili kwa meno.

"Umenitetea vizuri, mzee," akasema. "Usijilaumu. Ila zamu yako bado."

Nikamfunga ile kamba. Nikarudi nyumbani nikiwa bado nimejaa hasira, na hasira ile ilinifurahisha, nisifiche.

Saa tisa alasiri dirisha letu likalia. Bi Mwasiti aliweka chini ungo akatoka. Siwema akashika ukuta, akatoka naye, akaketi kwenye kigoda nje ya mlango. Nikabaki peke yangu na kile kioo. Nikaandika neno la siri, nikalikosea, nikaliandika tena. Kioo kikawaka. "Hujambo, Siwema! Una jibu jipya moja." Maandishi yalikuwa ya rangi ya samawati na pembeni palichorwa ua.

Maneno yalikuwa yale ya kufichwa hadi siku ya thelathini, Kilatini kitupu na vifupisho. Lakini mimi nimefundisha bayolojia miaka ishirini na minane. Nilisoma kama ninavyosoma gazeti. Uvimbe kwenye ini, sentimita saba kwa sita, kingo zake hazikunyooka. Vingine vidogo, havihesabiki, katika mapafu yote mawili. Maji tumboni. Chini yake ilikuwapo picha yenyewe, nyeusi na kijivu, ini la mke wangu niliyeishi naye miaka thelathini na nne, na ndani yake madoa meupe yaliyotapakaa. Nilikisia amebakiwa na wiki tatu. Nne zikizidi. Chini ya picha paliandikwa, "Je, umeridhika na huduma yetu? Tafadhali gusa nyota." Nyota zilikuwa tano.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka niligusa nyota moja ili ule ukurasa uondoke, ukaniuliza sababu.

Msafara wa kurudi kwetu ulikuwa unaondoka kesho yake. Baada ya huo mvua zingefunga njia kwa miezi miwili. Yote haya niliyajua nikiwa nimesimama pale. Kilichotakiwa ni kutoka nje, hatua sita, na kusema neno moja: turudi.

Nikatoka. Siwema aliinua uso. Macho yake hayakuniona vizuri, lakini aliyaelekeza kwangu.

"Baba Hamida, nitazame. Hawa wa huku wananiimbia mawingu tu tangu nimefika. Wewe si wa huku. Ukiniambia, nitaamini. Wamesemaje?"

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo kumwambia. Nikaona ule uzi kwenye pete, umelegea tena.

"Safi," nikasema. "Hakuna kitu. Ni vidonda vya tumbo tu."

Akapiga kofi moja la furaha. "Alhamdulillahi! Basi dada Mwanakheri ataanza yeye. Na akianza, namwambia kwanza aje ajifunze kupika!" Akacheka hadi akashika ubavu. Bi Mwasiti, aliyekuwa amesimama barabarani, alinitazama usoni mara moja, akaingia ndani bila kuaga.

Msafara ukaondoka bila sisi. Siwema ndiye aliyekataa: haraka ya nini, akasema, tungoje siku ya thelathini daktari ampe dawa ya hivyo vidonda. Nilikubali kwa kichwa. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeazimia leo nitasema, na kila asubuhi palikuwa na sababu: amelala vizuri, nisimharibie; amelala vibaya, nisimzidishie. Nilikutana na Zawena sokoni, ameshika kikapu kwa vifuko vyake viwili. Nikamweleza yote, maana nilikuwa sina mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tunanyamaza, mzee," akasema. "Mimi nimefungwa mikono kwa kusema kidogo. Lakini hatudanganyi. Hata sheria yetu haikuwaza kwamba mtu atafika huko."

Nilinunua ndizi nikaenda zangu.

Wiki ya tatu ilipoanza, tumbo la Siwema lilikuwa limejaa maji na macho yamekuwa manjano. Asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, akaweka mkono wake juu ya kijiko.

"Baba Hamida," akasema, "jua la leo zuri."

Nikamwangalia. Nje palikuwa na ukungu.

"Zuri," nikasema.

"Zuri sana. Na jana lilikuwa zuri." Akanipapasa shavu. "Usichoke kulitazama."

Hapo nikajua kwamba anajua. Amejua tangu lini, na nani kamfundisha lugha ile, Bi Mwasiti au maumivu yenyewe, sijui hadi leo. Njia ilikuwa imekwisha kufungwa. Ningeweza kuomba msamaha. Badala yake tuliongea habari ya jua mpaka uji ukapoa, mimi na mke wangu, tumeshikana mikono, kila mmoja akimhurumia mwenzake.

Siku ya ishirini na sita aliniita karibu. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Mwambie dada Mwanakheri..." akasema, akawa anatafuta neno. Nilingoja. Nilimsihi moyoni aseme kama watu wa kwetu wanavyosema. "Mwambie huku kuna mvua nzuri," akamalizia. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Tulimzika Kimyani. Siku ya thelathini dirisha lililia, nikatoka nje kwa mazoea kabla sijakumbuka kwamba ni langu. Lilikuwa linamkumbusha Siwema asichelewe miadi yake. Bwana Ngwali alikuja siku hiyohiyo na karatasi yenye mhuri. Mgeni aliyesoma dirisha la mwenzake na asiseme mpaka mwisho, anahesabiwa raia. Alinipa mkono kwa heshima. "Karibu, ndugu mwananchi," akasema. Karatasi ile ninayo.

Njia ilipofunguka nikarudi. Nilikwenda kwa Mwanakheri kabla ya kufika kwangu. Nilimkuta barazani anachagua mchele, habari ya msiba ilikuwa imemfikia kwa waliotangulia kuvuka. Alilia kwanza, kisha akajifuta kwa upande wa kanga, akauliza, "Shemeji, aliniachia neno?"

"Aliniachia," nikasema. "Alisema huku kuna mvua nzuri."

Alinikodolea macho. "Mvua?"

"Mvua nzuri."

"Miaka kumi na moja," akasema polepole, "ananiletea habari ya mvua? Hata mautini kiburi hakikumtoka?" Akachukua ungo wake wa mchele akaingia ndani, akafunga mlango. Nami nilisimama pale barazani, mdomo wazi, na kilichonitoka ni kwamba wingu la upande ule lilikuwa zuri.

Tangu siku hiyo nimekwenda kwako mara tatu, shemeji Mwanakheri, kukueleza kwa mdomo. Mara zote tatu nimesifia hali ya hewa na nimeondoka. Ndipo nikaona niandike, nianze na mashine na karani na mahakama, ili ufikapo kwenye ile mvua ujue inasifiwa na nani, na kwa nani. Hakuacha kukutaka. Angeanza safari ya kuja kwako kesho yake asubuhi. Ni mimi niliyemwambia hana kitu.

Karatasi hizi nazipitisha chini ya mlango wako. Soma ndani, taratibu. Mimi nimesimama barabarani mpaka utakapotoka.